Mdogo wangu anatimiza 18, na sitaki abaki kusifiwa utiifu tu

Ukikaa na wazazi wenye watoto wa mahitaji maalum, sifa utakayoisikia kuliko zote ni utiifu. Huyu wangu hana shida kabisa, ukimwambia kaa anakaa, ukimwambia njoo anakuja, ukimwambia vaa hii anavaa. Walimu nao hivyo hivyo, ripoti ya mwisho wa muhula inaandikwa "mtoto ni mpole na mtiifu" na mzazi anarudi nyumbani amefurahi. Mi nimekua ndani ya hizo sifa kwa sababu mdogo wetu wa mwisho ana sindromu ya Down, ulemavu wa kuzaliwa nao unaomfanya ajifunze polepole, na mtaa mzima huku Mbagala, Dar es Salaam, unamjua kwa upole wake. Mwaka huu anatimiza miaka 18, na kuna jambo linanikera muda mrefu nataka niliseme hapa hata kama litawaudhi watu ninaowaheshimu. Utiifu huu tunaowasifia hawa watoto ndio unaowazuia kuwa watu wazima.

Maana kuwa mtu mzima ni nini hasa kama sio kuchagua na kukataa? Watoto wengine wanaanza kukataa wakiwa na miaka miwili, wakifika darasa la sita wanabishana na mama yao kuhusu nguo, wakifika kidato cha pili wanafunga mlango wa chumba na hawataki kuulizwa. Tunawagombeza lakini moyoni tunajua wanakua. Mwenye ulemavu wa akili akifanya hayo hayo tunasema kaharibika, kapandisha, apelekwe akasomewe. Mdogo wangu alipofika miaka 14 alianza kukataa kuvaa mashati anayochaguliwa na Mama, na nyumba nzima ilihangaika kutafuta nini kimempata, shangazi akasema kuna mtu kamtupia jicho. Hakuna aliyesema kwamba kabaleghe.

Na kubaleghe wanabaleghe kwa wakati uleule kama vijana wengine, hili wazazi wengi hawaambiwi. Akili inaweza kuwa inajifunza polepole lakini mwili hausubiri. Ndevu zinaota, sauti inakuwa nzito, jasho linabadilika, kijana anaota ndoto nyevu na anaamka ameogopa hajui kimemtoka nini. Binti anavunja ungo na asipoandaliwa anadhani ameumia ndani, na anaweza kushika mimba, kwa hiyo wale wanaosema "hawa hawazai" wanawaweka mabinti hatarini bure kabisa.

Najua kwa nini kwetu hakuna aliyejiandaa. Alipozaliwa, Mama aliambiwa na mtu wa hospitali kwamba watoto hawa hawafiki mbali, asijipe matumaini sana. Mama akamlea kwa mapenzi makubwa sana, lakini yalikuwa mapenzi ya mtu anayeaga, kila siku anampa anachotaka, anamlisha, anamuogesha, anamfunga kamba za viatu. Na ni kweli zamani walikuwa hawafiki mbali, Marekani mwaka 1983 wastani wa maisha ya mtu mwenye Down ulikuwa kama miaka 25, leo wanafika karibu 60. Kilichobadilika kikubwa ni upasuaji wa moyo, kwa sababu karibu nusu yao wanazaliwa na tatizo la moyo, na siku hizi hata hapa kwetu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili inapasua mioyo ya watoto. Sasa piga hesabu. Mama ana miaka zaidi ya sitini. Mdogo wangu akijaaliwa ataishi miaka mingi sana baada ya Mama kuondoka, na miaka yote hiyo ataishi kama mtu mzima na sio kama mtoto wa Mama. Hiyo hesabu ndio inanikosesha usingizi.

Turudi kwenye utiifu, maana nataka ieleweke naongelea kitu gani. Akiwa na miaka sita alifundishwa kumkumbatia kila mgeni anayeingia, watu wanacheka, wanampa hela, wanasema ana upendo huyu mtoto. Sasa ana miaka 17, ana mwili wa mwanaume, anamkumbatia dada asiyemjua kituoni. Dada atapiga kelele, na sote tunajua kelele za mwizi zikipigwa mjini hapa nini kinafuata, hakuna anayesimama kuuliza huyu ana ulemavu gani. Kile tulichokichekelea sebuleni kinaweza kumuua barabarani. Ilibidi tukae chini nyumba nzima, pamoja na majirani, tukubaliane kwamba salamu yake ni mkono na shikamoo, kukumbatia ni kwa watu wa ndani tu, na sio sisi tu tunaomkataza, hata ninyi wageni akija kuwakumbatia mpeni mkono. Ilichukua muda mrefu maana kila tukipiga hatua anakuja ndugu kutoka kijijini anafungua mikono "njoo mwanangu" na kazi inaanza upya.

Au simu. Kila mwenye simu nchi hii amewahi kupata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wewe unaufuta. Mtu aliyefundishwa maisha yake yote kwamba mkubwa akisema fanya, unafanya, yeye atatuma. Na akiambiwa na kijana wa kibandani "weka kidole hapa" ataweka, na siku hizi laini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo laini zikisajiliwa kwa kidole chake na mtu mwingine akazitumia kutapeli, polisi watakuja kumtafuta yeye.

Halafu kuna lile ambalo hatupendi kulisema. Mtu mzima akimwambia twende huku nyuma, vua, usimwambie mtu. Mtoto mtiifu anavua. Na hatasema, kwa sababu ameambiwa asiseme. Ndio maana nawaambia wazazi wenzake Mama, kumfundisha huyu kijana kukataa, hata kumkatalia mkubwa, hata kukukatalia wewe mama yake, ndio ulinzi wa kwanza, unamlinda kuliko geti na kufuli.

Unamfundishaje sasa? Sisi tulianzia kwenye mwili. Mama alikuwa bado anamuogesha akiwa na miaka 13, mlango wazi, watu wanapita. Nilimwomba Mama kwa heshima tuache, nikamwambia huyu akizoea kuvuliwa na mtu mwingine hatajua tofauti siku akivuliwa na mtu mbaya. Mama alilia. Lakini alikubali, na tukaanza, kwanza anajipaka sabuni mwenyewe sisi tunamwagia maji, halafu tunasimama mlangoni, halafu mlango unafungwa. Tukamfundisha na majina ya viungo kama yalivyo, uume, matako, kifua, sio vile vijina vya kitoto, sababu mtoto asiyejua jina la kiungo chake hawezi kukuambia ameguswa wapi. Na kujishikashika, ndiyo, naandika hivyo hivyo, vijana wote wanafanya na hawa nao wanafanya, ukimchapa utampa hofu tu na ataendelea. Tulimwambia hilo ni jambo la chumbani mlango umefungwa, sio sebuleni wala uani. Akaelewa upesi kuliko tulivyodhani.

Hapa ndio ninapowaza mambo ya kwetu wenyewe. Sisi Wazaramo tulikuwa na jando na unyago, mtoto hakuwa anajikuta tu mtu mzima, alikuwa anawekwa ndani, anafundishwa na somo au kungwi mambo ya mwili, ya heshima, ya ndoa, halafu anatolewa kwa ngoma na watu wote wanajua kuanzia leo huyu sio mtoto. Mambo mengine ya kule sikubaliani nayo, lakini lile la kusema hadharani kwamba mtu huyu amevuka, hilo ni kubwa. Sasa waulize wazee, mtoto mwenye ulemavu wa akili alichezwa ngoma hiyo? Mara nyingi hapana. Wa kiume anatahiriwa hospitali kimyakimya, wa kike anafungiwa nyumbani, wenzake wanavuka yeye anabaki ng'ambo ile ile. Nadhani hapo ndipo jamii ilipowatia muhuri wa utoto wa kudumu.

Kwetu aliyeziba hilo pengo ni mjomba. Hakuna aliyempangia, siku moja tu alikuja akasema huyu kijana ndevu zinamtoka hovyo, akamchukua, akamnunulia mashine yake mwenyewe na sabuni yake na taulo yake, akamfundisha kunyoa kwapa na kidevu, akamweleza mambo ya wanaume wakiwa wawili tu. Tangu siku hiyo mdogo wangu akisema "mimi mwanaume" anamaanisha, na kuna vitu anavifanya vizuri sababu tu mjomba ndiye aliyemfundisha na sio dada. Ukiwa na kijana wa hivi mtafutie mjomba. Kama hana mjomba basi baba mdogo, jirani mwema unayemwamini kweli, mradi awe mwanaume anayemchukulia kama mwanaume mwenzake, na binti mtafutie somo wake.

Baada ya mwili tulikwenda kwenye kuchagua. Vitu vidogo mno, chai au uji, shati la bluu au la kijani, na hapa subira inahitajika kwelikweli maana wengi wenye Down wanachukua sekunde kadhaa kulipokea swali kabla hawajajibu, na sisi tunauliza na kujijibu wenyewe hapo hapo. "Unataka chai? Haya kunywa chai." Hilo sio swali. Uliza, halafu nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mara ya kwanza nilipofanya hivyo alinitazama kama ananiuliza mbona umesimama, halafu akasema uji. Na akisema uji apewe uji, hata kama chai ndiyo iko tayari, kwa sababu ukimuuliza halafu ukapuuza jibu lake umemfundisha kwamba maneno yake ni bure.

Hela tulimfundisha kwa rangi. Kusoma namba kubwa hajaweza lakini rangi anazijua, buku ni bluu, buku mbili ina rangi ya kahawia, buku tano zambarau, msimbazi, yaani elfu kumi, mwekundu. Tukaanza kwenye duka la mangi hapo kona. Siku za mwanzo tunaenda wote, yeye anatoa hela, yeye anasema anachotaka, mi nimenyamaza. Baadaye mi nabaki nyuma hatua kumi, halafu nabaki kwenye kona, halafu nabaki nyumbani na mangi ana namba yangu. Mangi mwenyewe tulimwambia usimpe kitu kabla hajasema, hata kama unajua kafuata sukari, msubiri aseme. Nampa shukrani nyingi sana huyu mangi, ana foleni ya watu jioni lakini anamsubiri, na wateja wengine siku hizi nao wanasubiri.

Daladala ilikuwa kazi zaidi. Ruti za Dar gari zina mstari wa rangi, kwa hiyo kutambua gari lake halikuwa tatizo, tatizo lilikuwa kushuka. Lazima upaze sauti useme shusha, tena katikati ya muziki na makelele ya konda, na mtu mpole hapazi sauti. Alikuwa anapitishwa kituo amekaa kimya, anajua kabisa kituo kimepita, uso umejaa wasiwasi, lakini hasemi. Tulifanya mazoezi nyumbani, viti vimepangwa, redio imefunguliwa sauti ya juu, mpwa wetu ndiye konda, na yeye anatakiwa apige kelele "shusha!" mpaka gari lisimame. Watoto walifurahi mno na yeye alifurahi zaidi. Sa hivi akipanda gari abiria wanageuka kumtazama maana anapaza hasa. Shingoni ana kitambulisho tulichomtengenezea, jina lake na namba mbili za simu, nyuma tumeandika "naongea polepole, naomba unisubiri".

Shule sasa. Kitengo cha elimu maalum alichosoma kilikuwa ndani ya shule ya msingi ya serikali, na vitengo na shule za hivi Dar zipo kadhaa, kuna Uhuru Mchanganyiko, kuna Sinza Maalum, na walimu wengi wa elimu maalum wanafanya kazi ngumu kwa vifaa vichache sana. Lakini kinachotokea mwishoni kinaumiza. Kijana anafika umri mkubwa, nafasi zinahitajika kwa wadogo, siku moja unaambiwa sasa inatosha. Hakuna mtihani wa kwenda mahali, hakuna barua ya kumpeleka kwingine, hakuna kikao cha kuuliza huyu anapenda nini na anaweza nini. Sisi tuliambiwa mlangoni. Wenzake wa darasa la kawaida wanasubiri matokeo, yeye anarudi na begi.

Na kukaa nyumbani kunawaharibu, nimeshuhudia kwa macho yangu. Miezi ile ya mwanzo alianza kulala mchana, akaacha kupiga mswaki, akaacha kucheka, vitu alivyokuwa anaviweza vikaanza kupotea. Watu wakasema ndio ugonjwa wake unaendelea. Down sio ugonjwa wa kuendelea hivyo. Kijana akipoteza rafiki zake wote, ratiba yake yote na mwalimu wake kwa siku moja atahuzunika, awe na Down asiwe nayo. Mambo ya kucheki pia yapo, tezi ya thairoidi ile ya shingoni mara nyingi inaleta shida kwa watu wenye Down na inaweza kumfanya mtu awe mzito na mvivu na mnyong'onyevu, kipimo chake ni cha damu na dawa ipo, kwa hiyo omba apimwe kila mwaka, na macho na masikio pia. Ila kuongea peke yake msihangaike nako sana. Watu wazima wengi wenye Down wanaongea peke yao, ndivyo wanavyopanga mawazo yao na kuisimulia siku yao, hayo sio majini. Ukimsikiliza wa kwetu usiku anajisimulia nani kamsalimia, nani kamnyima, na kesho atafanya nini. Mi nasikiliza nikiwa ukumbini na mara nyingi ndio najua nini kimemuudhi. Kama maneno yamekuwa ya hasira au ya kujitukana, hapo ndio ushtuke.

Kwa upande wa ufundi vyuo vya serikali vya watu wenye ulemavu vipo ingawa ni vichache, Yombo hapa Dar, Luanzari Tabora, Mirongo Mwanza, Sabasaba Singida. Nenda mwenyewe ukaulize mapema, na uulize hasa kuhusu ulemavu wa akili, maana mara nyingi watu wakisikia "watu wenye ulemavu" wanamuwaza mwenye baiskeli ya magurudumu matatu au asiyeona, na yule ambaye ulemavu wake uko kwenye kujifunza anasahaulika. Kuna sheria pia, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe angalau asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Nimeitaja kwa mabosi kadhaa na wengine ilikuwa mara yao ya kwanza kuisikia. Na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia 10 isiyo na riba iliyosimama 2023 ikarudi 2024, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, kwa hiyo ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata yako ni mahali pa kwenda.

Kazi yake ya kwanza alitafutiwa na Mama, kwa mama mmoja anayepika chapati, na sisi wote tukasema imekaa vizuri, karibu na nyumbani, anakanda unga, anafungasha. Baada ya muda akasema hataki. Hakusema kwa nini, alisema tu "unga sitaki", akakaa chini. Ndugu walikasirika, akipewa kazi anakataa, anaringa nini huyu. Na mimi nilifurahi kupita kiasi! Kijana ambaye hajawahi kumkatalia mtu kitu amekataa kazi kama mtu yeyote anavyoweza kukataa kazi asiyoipenda. Tulikaa tukimwangalia anapenda nini, na kila mara tunamkuta kwenye maji, anaosha ndoo, anaosha viatu vya kila mtu, anaosha bodaboda ya jirani bila kuombwa. Basi tukaenda sehemu za kuoshea magari. Sehemu ya kwanza walimpokea, lakini jioni wenzake wanagawana hela, yeye anapewa soda. Nikauliza, nikajibiwa yeye hana matumizi, na mwenyewe amefurahi. Tukamtoa. Mtu akifanya kazi alipwe hela, hata kama ni kidogo, hata kama ameosha magari mawili wenzake wameosha saba, alipwe ya mawili, ukimlipa soda unamwambia kwamba bado ni mtoto anayesaidia. Sehemu aliyopo sasa, kule Mtongani, wamempa tairi za mbele na nyuma tu, hagusi ndani ya gari, ana picha za hatua zake zimebandikwa ukutani kwa mpangilio, sabuni, brashi, maji, kitambaa, na analipwa kwa kila gari. Zile picha zilimsaidia kuliko maelezo yoyote ya mdomo. Cha kufurahisha wenzake wapya wasiojua kusoma vizuri nao wanaziangalia.

Halafu makaratasi, na hapa nasema na wenye vijana wa miaka 15, 16, anzeni sasa. Cheti cha kuzaliwa, kama hana nendeni RITA, wale wakala wa serikali wanaosajili vizazi, mapema, usisubiri. NIDA, yaani mamlaka ya vitambulisho vya taifa, wanaanza kuandikisha mtu akitimiza 18, kuna fomu, kuna barua na mhuri wa serikali ya mtaa, kuna picha, alama za vidole na saini, kwa hiyo mdogo wangu sa hivi anafanya mazoezi ya kuandika jina lake kila jioni kwenye daftari. Bila namba ya NIDA hana laini ya simu kwa jina lake, hana akaunti ya benki, na kila kitu chake kitapitia kwa mtu mwingine maisha yake yote. Nimeshaanza kumwandaa na kwa lile la watu wa ofisini kuniuliza mimi, "anaitwa nani huyu, ana miaka mingapi huyu", wakati yeye yupo hapo hapo. Tumekubaliana mi nitakaa kimya na yeye atajibu, na wasipomwelewa ndio nitarudia. Hospitali tumeshaanza hivyo, daktari akinigeukia mimi, mi namgeukia yeye.

Kuna watu watakuambia mwenye ulemavu wa akili hana haki ya kupiga kura. Ibara ya 5 ya Katiba yetu inampa kila raia aliyetimiza miaka 18 haki ya kupiga kura, na inaliruhusu Bunge kuweka masharti ya kumzuia mtu kwa sababu kadhaa, mojawapo ugonjwa wa akili. Ulemavu wa akili na ugonjwa wa akili ni vitu viwili, usikubali avichanganye mtu kwenye dirisha la kuandikishia. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ibara yake ya 12 inasema watu wenye ulemavu ni watu kamili mbele ya sheria sawa na wengine, na nchi iwape msaada wanaouhitaji ili watumie hiyo haki. Msaada, sio kuwaamulia. Nimeinakili hiyo ibara kwenye simu yangu.

Mirathi pia tumeiongelea, Mama mwenyewe ndiye aliyeianzisha. Sisi ni Waislamu na kwenye mirathi yetu ulemavu haumpunguzii mtu fungu, yeye ni mtoto wa kiume na atapata fungu la mtoto wa kiume kamili. Najua familia ambazo wamegawana na wa hivi wakaambiwa "yeye atakula kwetu", na nyumba ikauzwa. Mama ametaka ndugu wote wasikie akiwa hai, wasikie kutoka mdomoni mwake, na mambo yanayotakiwa kuandikwa yameandikwa na kutunzwa RITA. Kama hamjakaa kikao cha hivyo, kaeni, mzee akiwa na nguvu zake.

Kwenye kikao hicho likaja swali la atakaa na nani. Wote walinitazama mimi. Ni kawaida, mi ndiye dada mkubwa, mi ndiye ninayejua dawa zake, na kusema kweli nilishajiandaa miaka mingi, chumba kipo. Mjomba ndiye aliyesema basi aulizwe mwenyewe. Tukamuuliza, tukanyamaza. Alichukua muda mrefu, Mama akataka kumsaidia kujibu nikamshika mkono. Akasema anataka kukaa kwa baba mdogo kule Mkuranga, kwa sababu kuna ng'ombe na kuna nafasi, na kwa sababu "dada anasema sana".

Iliniuma, siwezi kuficha. Ila ndilo jibu lake. Baba mdogo amekubali, mke wake pia ameulizwa peke yake na amekubali, na tumeanza kwa wikiendi, anaondoka Ijumaa jioni na kurudi Jumapili. Sasa kazi iliyopo ni kuangalia kama Mkuranga kuna mahali pa kuoshea magari patakapompokea na kumlipa, maana kazi amesema haachi. Kama kuna mtu anayesoma hapa anapafahamu mahali pa hivyo upande ule aniandikie.